Mpaka Injini Ipoe

Nukazawa, Yamagata
7 Novemba 1993

Kaka Morio,

Habari za Nagoya? Huku baridi imewahi mwaka huu, na milima ya nyuma imeshapata weupe kileleni. Kaki zote za mti wetu tumezimenya na kuzitundika chini ya paa zikauke. Nasema tumezimenya, lakini ni mimi peke yangu. Baba alimenya tatu, akaacha kisu juu ya mkeka, akaenda zake. Habari za mpunga ndizo usiniulize. Kiangazi kizima hatukuona jua, na masuke yalisimama wima mpaka siku ya kuvuna kwa kukosa kitu ndani. Watu wanasema mwakani tutakula mchele wa kutoka Thailand. Baba anasema afadhali ale nyasi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua simu yetu ilipo, karibu kabisa na meza ya joto anapokaa kupasha miguu, na masikio yake bado ni mazima.

Nina swali kuhusu lile gari lake. Wewe ndiye unayeyajua mambo ya turbo. Injini ile inatakiwa kupashwa moto kwa muda gani kabla mtu hajaondoka? Kila asubuhi anakwenda bandani, anawasha, anakaa ndani huku mikono iko kwenye usukani. Sawa, amefanya hivyo tangu alinunue. Lakini siku hizi anazima, anaingia ndani, anakunywa chai, halafu anainuka tena: "Ngoja nikaipashe moto."

Namwambia, "Baba, si umeshaipasha?"

Ananitazama kama nimemtukana. Juzi alikwenda mara tatu, wala hakuwa na safari yoyote.

Mkewe Todokoro wa jirani alinicheka tulipokutana njiani. "Sayoko, baba yako anavyolibembeleza hilo gari! Marehemu mama yako angepata nusu yake tu, angeishi miaka mia." Nilicheka naye. Nilipofika ndani sikuweza kucheka tena.

Nijibu. Na uvae vizuri, hicho kifua chako nakijua.

Sayoko

*

Nagoya
21 Novemba 1993

Mdogo wangu Sayoko,

Barua imefika na kaki zimefika, zimepondeka kidogo tu. Mimi mzima. Kazi kiwandani zimepungua, zamu ya usiku imefutwa, kwa hiyo nalala kama binadamu wengine. Chumba cha jirani kwenye hili bweni letu amehamia bwana mmoja kutoka Brazil. Anapika maharage kila Jumamosi, na harufu inapenya ukutani mpaka namwonea wivu. Nilimpelekea kaki mbili, akaniletea bakuli zima.

Sasa, gari. Umeuliza muda, lakini Baba hajawahi kutumia saa. Anatazama mshale wa joto na kusikiliza. Injini ikiwa baridi inanguruma kwa sauti ya juu, halafu taratibu inashuka na kutulia, kama mtu aliyeamshwa kwa kelele akakubali mwishowe kuwa kumekucha. Oili ya baridi ni nzito, haifiki upesi kwenye turbo. Na turbo ni kifeni kidogo kinachozunguka kwa kasi kupita kitu chochote kingine ndani ya gari. Ukikanyaga mafuta kabla oili haijakifikia, kinajisaga chenyewe. Kwa hiyo unangoja kidogo, halafu unaondoka polepole, hadi mshale ukae mahali pake.

Kuzima nako ni hivyo hivyo. Ukitoka kupanda mlima, kile kifeni kimeiva kwa moto. Ukizima ghafla, oili inasimama hapo hapo na kuungua, inakuwa masizi magumu kama chungu kilichounguza wali. Ndiyo maana unaiacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta mpaka ipoe.

Kuhusu hizo mara tatu, injini haitadhurika. Mwache.

Kile kifaa nilichomletea mwezi wa nane, kile kinachoiacha injini ingurume yenyewe mtu akishashuka na kisha kuizima, amekifunga?

Kakako,
Morio

*

Nukazawa
12 Desemba 1993

Kaka,

Theluji imeanguka siku nne mfululizo. Paa la kwetu Todokoro alilisafisha jana, akakataa chai, akakubali pombe ya sake. Figili nimezitia chumvi kwenye pipa. Kifaa chako kiko kwenye boksi, juu ya kabati. Baba alisema, "Mimi nishuke, gari libaki linafanya kazi peke yake? Huo ni utovu wa adabu." Hakukigusa tena.

Nilikuuliza habari za Baba, ukanijibu habari za kifeni. Labda sikueleza vizuri, basi nitaeleza.

Jumanne asubuhi nilisikia gari linanguruma bandani kama kawaida. Niliendelea na vyombo. Baadaye nikahisi limekaa mno, nikatoka. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa sababu ya upepo. Nilipoufungua, moshi ulinipiga machoni. Yeye yumo ndani ya gari, uso mwekundu, macho yamefumba. Nilipiga kelele, Kaka. Nilimvuta kwa kola kama gunia. Akafumbua macho akasema, "Mbona unanikatisha? Bado kidogo tu." Alitapika mchana kutwa na kichwa kikamuuma mpaka kesho yake. Nilitaka kumpeleka hospitali ya mjini akakataa, akashika nguzo ya mlango kama mtoto.

Wewe ulikaa naye wiki nzima mwezi wa nane, siku za kuwapokea marehemu wanaporudi nyumbani kila mwaka. Mlikuwa mnatoka na gari kila siku. Hukuona kitu? Hakukuuliza jambo moja mara mbili?

Njoo mwaka mpya, hata siku mbili. Sitaki kuwa mtu pekee anayeona haya.

Rafiki yangu Hatsumi ameniandikia tena kutoka Sendai. Kwenye jiko la shule anapofanya kazi watahitaji mpishi mwezi wa nne. Nimemwambia tutaona.

Sayoko

*

Nagoya
28 Desemba 1993

Sayoko,

Heri ya mwaka unaokuja, kwako na kwa Baba. Nimetuma keki za mchele za huku, zile anazozipenda, zikate vipande vidogo asije akapaliwa.

Sitaweza kuja. Kiwandani wanataka watu wa kubaki kulinda mitambo, na mimi sina mke wala watoto wa kusingizia.

Mlango wa banda usifungwe tena. Ung'oe kabisa. Mwombe Todokoro, ni bawaba mbili tu. Na tena, mwambie Baba afungue kioo cha gari nafasi ya kidole, hiyo alinifundisha yeye mwenyewe, ataikumbuka.

Lakini ufunguo usimfiche. Nakuomba, Sayoko. Fanya mengine yote utakayo, hilo usilifanye.

Morio

*

Nukazawa
5 Februari 1994

Kaka Morio,

Baba yuko hai. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Juzi ilikuwa siku ya kurusha maharage ya kufukuzia mashetani. Asubuhi nilikuwa jikoni nayakaanga, Baba akatoka kwenda kuwasha gari. Niliisikia injini kupitia dirishani, sauti ya juu, halafu ikashuka na kutulia. Nimeizoea sauti hiyo kiasi kwamba ndiyo inayonituliza. Halafu kukawa kimya. Nikasema moyoni, amezima, anakuja kunywa chai. Nikammiminia.

Chai ilipopoa nilitoka kumwita. Bandani hapakuwa na kitu. Alama za matairi zilikuwa zimeanza kufukiwa na theluji.

Nilikimbia kwa Todokoro nikiwa na kandambili za jikoni. Alikuwa anakula. Alisimama na vijiti mkononi, akauliza, "Amekwenda juu au chini?" Nikamwambia sijui. "Kama ni chini watamwona. Basi twende juu." Mkewe alibaki akiwapigia simu polisi. Sisi tukapanda lile gari la kusukumia theluji, mimi nimekalia ndoo, tukaanza kupanda barabara ya mlimani. Unajua lilivyo la polepole, na theluji ile ilitula mchana kutwa. Kila kona nilitazama bondeni. Todokoro alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatafuta alama za matairi.

Tulipofika kileleni tuliona mgongo wa gari jeupe ndani ya weupe mwingine. Lilikuwa pale mabasi yalipokuwa yanageuzia zamani, mbele ya lile duka la tambi lililofungwa. Amelielekeza chini, sawasawa kama alivyokuwa akiliegesha basi lake miaka yote ile. Theluji ilikuwa imepanda mpaka kwenye bamba la namba. Nilijua kabisa tumechelewa. Lakini ekzosi ilikuwa imejitobolea tundu kwenye theluji, na mvuke ulikuwa unatoka humo. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Kioo kilikuwa wazi nafasi ya kidole.

Todokoro alifungua mlango. "Mzee Eikichi! Unafanya nini huku?"

Baba akainua mkono kumtuliza. "Subiri kidogo, bwana. Imetoka kupanda mlima. Haijapoa."

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Alikuwa pale tangu asubuhi, Kaka, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Alianza kusubiri injini ipoe, akasahau kwamba ameanza, akasubiri tena, na tena. Polisi aliyekuja baadaye alisema angezima na kushuka, asingefika hata kwenye kona ya kwanza kwa miguu. Nikafikiria kile kifaa chako kilicho juu ya kabati, ambacho kingeizima injini chenyewe.

Todokoro alilirudisha gari bandani, akachomoa waya wa betri. Baba akikuta gari haliwaki anasema kesho fundi atakuja.

Jana nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alimwuliza mwaka, akajibu mwaka wa arobaini na tano wa mfalme aliyekwishakufa, yaani 1970. Ugonjwa una jina refu, nitakuandikia nikiwa na nafasi moyoni. Daktari akaniuliza, ulianza lini? Nikasema tangu vuli. Baba akasema, "Hapana. Tangu kiangazi. Morio anajua."

Morio, unajua nini?

Sayoko

*

Nagoya
27 Februari 1994

Sayoko,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Ndiyo sababu ya ukimya wangu, si posta.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiketi nyuma na kulala, kwa hiyo labda hukumbuki. Baba alikuwa haongei. Mezani haongei, shambani haongei. Lakini tukirudi safari, katika zile dakika za kungoja injini ipoe, alikuwa anaongea. Pale ndipo aliponiambia kwamba Mama hatapona. Pale ndipo aliponiambia niende Nagoya, nisiozee kijijini kwa ajili yake. Mikono juu ya usukani, macho mbele, halafu injini ikishatulia anazima, na maneno yamekwisha.

Mwezi wa nane, siku ya kuwasindikiza marehemu, tulitoka makaburini. Tukaingia bandani. Akasema, "Morio, nimeanza kupotea."

Nikacheka. Nikamwambia, "Barabara hii umeipita miaka thelathini, utapotea vipi?"

"Si barabara. Asubuhi nimemtazama Sayoko nikakosa jina lake. Nikasubiri, likaja. Siku moja halitakuja." Nikautazama mshale wa joto. Akasema, "Usimwambie. Akijua atafunga mlango wa maisha yake akae na mimi. Na hili gari mniachie. Nikiwa humu ndani, kila kitu kinakaa mahali pake."

Nikamwahidi. Akazima injini.

Kwa hiyo nilijua. Ulipoandika habari za moshi nilijua, nikakutumia keki. Nilijiambia naitunza ahadi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuja kumtazama anitazame asinijue. Kuilinda ahadi ilikuwa rahisi kuliko hilo.

Naweza kutuma mtu? Kuna nyumba za kulelea wazee huko mjini, nimepiga simu kuuliza. Niambie la kufanya.

Morio

*

Nukazawa
8 Machi 1994

Kaka,

Baba hajambo, anakula. Mchele wa Thailand ulipofika dukani niliuchanganya na wa kwetu bila kumwambia, akamaliza bakuli mbili.

Nilikaa na barua yako siku nyingi kwa sababu nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. Mlikaa wawili mkaamua nisiambiwe jambo ambalo mimi ndiye niliyeliosha, nikalilisha, nikalitoa kwenye moshi. Baba namsamehe, alikuwa anaogopa, tena aliogopa kwa ajili yangu. Wewe bado.

Umesema nikuambie la kufanya. Nimemwandikia Hatsumi kwamba nakubali. Nitapanda treni ya Sendai tarehe tano mwezi wa nne, asubuhi. Siku hiyo mtu mmoja atakuwa amekaa na Baba kwenye meza ya joto. Sitaki awe mtu wa kutumwa.

Sayoko

*

Nagoya
13 Machi 1994

Sayoko,

Nimewaaga kiwandani leo. Msimamizi aliuliza mara mbili kama nina uhakika, halafu akaonekana amefurahi kupungukiwa na mtu mmoja. Nitafika tarehe mbili mwezi wa nne. Nifundishe kila kitu hizo siku tatu, hata vitu unavyodhani navijua.

Naogopa. Nakwambia wewe tu.

Morio

*

Nukazawa
3 Mei 1994

Mdogo wangu Sayoko,

Habari za Sendai? Je, masufuria ya watoto mia tatu yanainuka? Kadi yako imefika, nimeibandika ukutani. Huku cheri ndiyo kwanza zinachanua, na mkewe Todokoro ametuletea machipukizi ya msituni ya kukaanga. Nimeunguza ya kwanza. Baba aliyala akasema, "Mama yenu leo ana hasira."

Uliniambia asubuhi ndizo nzuri na jioni ni mbaya. Ni kweli. Jioni anavaa koti anataka kwenda kazini, nami nazunguka naye nyumba mpaka achoke. Uliniambia pia nisimsahihishe. Hilo limenichukua mwezi mzima. Usingizi nao hakuna, kila ubao ukilia nashtuka. Sijui wewe uliwezaje miezi yote ile na bado ukamenya kaki. Nikifikiri nilivyokuwa nakujibu, naona haya.

Kuna siku ananiita Morio. Siku nyingi mimi ni abiria. "Unateremka wapi, bwana?" Mwanzoni nilikuwa natoka nje kidogo. Siku hizi namwambia, "Mwisho wa njia, dereva." Anaitikia kwa kichwa.

Sasa nikwambie jambo kabla hujalisikia kwa Todokoro. Gari nimeliuza. Nilisita sana, lakini lilikuwa linazeeka limesimama, na kila asubuhi alikuwa anashika ufunguo, linakataa, naye anarudi ndani amenyong'onyea kuliko jana. Aliyelinunua ni mwalimu, Bi Wakui, mwanamke wa umri wako hivi, amehamishiwa shule ya bondeni. Alikuja Jumapili. Nilikuwa nimepanga Baba awe amelala, lakini niliporudisha waya wa betri na kuwasha, aliisikia. Akatoka akiwa na soksi tu.

Nilidhani atalia, au atampiga mtu. Bi Wakui alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Baba akaenda moja kwa moja mpaka dirishani, akainama. Alikuwa hajazungumza tangu Alhamisi.

"Usilikimbize likiwa baridi," akamwambia. "Sikiliza kwanza. Sauti itashuka yenyewe."

"Sawa," akasema mwalimu.

"Ukiondoka, nenda polepole mpaka kwenye daraja. Ukipanda mlima, ukifika juu usizime. Kaa. Hata kama kuna mtu anakungoja, kaa. Wenye haraka ndio wanaounguza kila kitu."

"Nitakaa, mzee."

"Na kioo, nafasi ya kidole."

Akaonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Yule mwanamke akateremsha kioo kiasi hicho hicho, akakitazama kidole, akapandisha kidogo, kikalingana. Hakuwa na haraka hata kidogo. Tulisimama wote watatu mpaka injini ikashusha sauti, Baba akagonga paa mara moja, gari likaondoka.

Tulilitazama likiteremka hadi darajani. Alikwenda polepole kweli. Baba akaniuliza, "Yule ni Sayoko?"

Sayoko, ulinifundisha nisimsahihishe. Nikamwambia, "Ndiyo."

"Anakwenda wapi?"

"Sendai. Amepata kazi."

Akatazama barabara. "Vizuri," akasema. "Nilikuwa naogopa hataondoka."

Tangu siku hiyo haulizi gari. Anauliza kama umefika. Anauliza asubuhi, anauliza tukila, nami namwambia barabara bado ina theluji kule juu, unakwenda taratibu. Lakini naona hatulii. Basi nakuomba, ukipata barua hii, piga simu. Ile simu iko pale pale, karibu na meza ya joto. Nitamwacha apokee mwenyewe. Usimwambie kitu kirefu. Mwambie tu umefika.

Kakako,
Morio